MTOTO WA SS NI MZIGO WA NANI?

 Somo la leo ni zito. Tunawaomba mlisome polepole, na msiliache katikati.

Mwezi uliopita tulimzika mtoto wa miaka 4. Tangu alipokuwa na miezi 7, mikono na miguu yake ilikuwa ikivimba, akilia usiku kucha, na macho yake yalikuwa ya manjano. Mama yake alimleta katika nyumba ya maombi mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Tulimwekea mikono. Tulifunga kula siku tatu, tena siku saba. Mmoja wetu akapata maono kwamba kuna bibi katika jamaa ya mama ambaye anakula damu ya mtoto. Neno lile halikubaki katika nyumba ya maombi. Lilifika kwa jamaa, na bibi yule akafukuzwa katika lupango alimokuwa akiishi tangu bwana yake alipokufa. Naye baba ya mtoto akasema kwamba katika ukoo wake ugonjwa wa namna hii haujaonekana, akaenda kuishi na mwanamke mwingine. Siku za mwisho mtoto alishikwa na homa. Tuliomba siku tatu. Alipofikishwa hospitali ilikuwa usiku, na damu ilikuwa imekwisha mwilini. Munganga akachukua tone moja la damu akapima. Akaandika herufi mbili: SS. Kulipopambazuka mtoto alikuwa amekwisha kufa.

Miaka 4, na lile tone halikupimwa hata mara moja.

Baada ya maziko wengine kati yetu walitaka tuseme kwamba ni mapenzi ya Mungu, na tufunge daftari. Wengine walitafuta mwenye kosa: bibi, mama, baba, munganga wa usiku. Sisi tunaoandika tulikuwa katika nyumba ile ya maombi, na yule aliyepata maono ni mmoja wa sisi tunaoandika. Kwa hiyo hatuandiki kama watu waliosimama nje ya mlango. Tunauliza: mtoto wa namna hii ni mzigo wa nani?

Kwanza tujue tunasema juu ya kitu gani. SS, ambayo waganga huiita drepanositozi, ni ugonjwa wa damu ambao mtu anazaliwa nao. Hauambukizi kwa kula pamoja wala kwa kulala kitanda kimoja. Chembe nyekundu za damu, ambazo kazi yake ni kubeba pumzi mwilini, zina umbo la duara na ni laini. Kwa mtu wa SS zinapinda kama mwezi mchanga, zinakuwa ngumu, zinakwama katika mishipa midogo, ndiyo maana mifupa inauma sana. Tena zinakufa upesi, ndiyo maana damu inapunguka na macho yanakuwa ya manjano. Bandama, ile iliyo upande wa kushoto wa tumbo, inaharibika mapema, na mtoto anakosa nguvu ya kupigana na mikrobe. Kwa hiyo homa, ambayo kwa mtoto mwingine ni jambo la kungojea mpaka kesho, kwa mtoto wa SS si la kungojea hata saa chache.

Unatoka wapi? Kila mtu anapokea mbegu mbili za damu, moja ya baba na moja ya mama. Aliyepokea A mbili ni AA. Aliyepokea A moja na S moja ni AS. Huyo si mgonjwa, analima, anacheza mpira, anazeeka, wala hajui kwamba ana kitu. Aliyepokea S mbili ndiye SS. Basi baba AS na mama AS wakioana, katika kila mimba kuna sehemu moja kwa nne ya kuzaa SS, sehemu mbili kwa nne za kuzaa AS, na sehemu moja kwa nne ya kuzaa AA. Wengine hudhani kwamba mtoto wa nne ndiye atakayekuwa mgonjwa, na wale watatu wa kwanza wameokoka. Sivyo. Kila mimba inaanza hesabu upya. Kuna nyumba yenye watoto sita wazima, na kuna nyumba ambayo wa kwanza na wa pili wote ni SS.

Ninyi akina baba, tazameni neno hili vizuri. Mtoto wa SS amepokea S moja kwa baba yake. Haiwezekani kuwa vingine. Mwanaume anayemwacha mke wake akisema kwamba ugonjwa umetoka kwa ukoo wa mama anakimbia damu yake mwenyewe. Na kama hajawahi kuuona ugonjwa katika jamaa yake, ni kwa sababu S inaweza kupita katika baba, babu na babu ya babu bila kuonekana, mpaka siku inapokutana na S nyingine.

Wanafunzi wa Yesu walipomwona yule kipofu aliyezaliwa hivyo, swali lao la kwanza lilikuwa la kutafuta mwenye dhambi: yeye, ao wazazi wake? Mnajua jibu la Bwana katika Injili ya Yoane, sura ya 9. Alikataa swali lenyewe. Hakumtafuta mwenye kosa, alitengeneza udongo kwa mate yake, akampaka macho, na kumtuma aende kunawa. Tumehubiri sura hii mara nyingi. Lakini tulipoletewa mtoto mwenye macho ya manjano tulirudi kwa swali la wanafunzi, na tukalijibu kwa kumtaja bibi kizee asiye na mtu wa kumtetea. Twaona ni vema kuandika hili wazi, maana maono yanapaswa kupimwa, na maono haya hayakupimwa.

Kuna neno lingine ambalo tumelisikia hata katika mimbara: kwamba SS ni laana juu ya watu Weusi, laana ya Hamu. Ni uongo mara mbili. Kwanza, hata katika Mwanzo laana ile haikutamkwa juu ya Hamu, wala hakuna neno pale juu ya rangi ya ngozi. Pili, SS si ugonjwa wa ngozi nyeusi. Inapatikana kwa Wagiriki, kwa watu wa Sicilia katika Italia, kwa Waarabu, kwa makabila mengi ya India. Nako Afrika ya Kusini kabisa, ambako Weusi ni wengi, kwa wenyeji inaonekana mara chache sana. Kwa nini? Kwa sababu ya malaria. Mwaka 1954 munganga Anthony Allison, aliyefanya kazi yake katika Afrika ya Mashariki, alionyesha kwamba mtoto wa AS anapigana na malaria kali kuliko mtoto wa AA. Mahali ambapo mbu aliua watoto wengi kwa maelfu ya miaka, waliobaki hai wakazaa walikuwa mara nyingi wenye S moja. Basi S iliyo katika damu yetu ni alama ya kwamba babu zetu waliponea. Kitu kilekile kilichomlinda babu ndicho, kikikutana na ndugu yake, kinachomuua mjukuu. Hatuelewi yote katika fumbo hili. Lakini hatulioni kuwa laana.

Ugonjwa, basi, umetoka kwa mbu. Lakini tofauti kati ya mtoto wa SS anayekua na mtoto wa SS anayezikwa, hiyo haikutoka kwa mbu. Hiyo imetoka kwa watu.

Damu hii ilivuka bahari pamoja na ndugu zetu waliouzwa utumwani kutoka pwani ya Kongo na Angola na kutoka Afrika ya Magharibi. Kule Marekani, leo kati ya watoto 13 Weusi wanaozaliwa, mmoja hivi ni AS, na wagonjwa wa SS ni karibu 100 000. Mtu wa kwanza ambaye ugonjwa wake uliandikwa katika vitabu vya waganga wa kizungu alikuwa kijana Mweusi wa kisiwa cha Grenada, aliyekuwa akisoma kazi ya meno huko Chicago. Alipokelewa hospitali mwaka 1904, na munganga James Herrick akaandika juu ya damu yake mwaka 1910. Baada ya hapo miaka 60 ilipita, na kazi ilikuwa kidogo. Watoto Weusi walikufa, nao waliosoma damu yao waliandika. Mwaka 1972 tu ndipo sheria ya inchi ile ilitoa feza kwa ajili ya ugonjwa huu, baada ya Weusi wenyewe kupiga kelele na kuanza kupima damu za watu wao katika mitaa.

Mwaka 1986 yalitoka matokeo ya kazi iliyoongozwa na munganga mwanamke Mweusi, Marilyn Gaston. Watoto wadogo wa SS walipewa penisilini kila siku asubuhi na jioni, kabla hawajagonjwa. Maambukizo makali ya damu yalipunguka kwa 84 kwa 100, hata wakaisimamisha kazi mbele ya wakati wake, kwa kuwa haikuwa haki kuwanyima wale wengine. Kuanzia hapo jimbo moja baada ya lingine likaanza kupima damu ya kila mtoto anayezaliwa, na mwaka 2006 majimbo yote 50 yalikuwa yakifanya hivyo. Leo kule zaidi ya watoto 9 kwa 10 wenye SS wanafika utu uzima. Kwa Afrika, waganga wamekadiria kwamba zaidi ya nusu ya watoto hao hufa kabla ya kutimiza miaka 5, wengi bila mtu kujua walikuwa na nini.

Na penisilini, wapenzi, si dawa ya siri. Iko katika kila duka la dawa la kartie. Ni dawa ya zamani kuliko wengi wenu mnaosoma.

Msidhani lakini kwamba kule Marekani ndugu zetu wamefika. Mtu mzima wa SS akifika hospitali usiku akilia kwa maumivu, mara nyingi anaangaliwa kama mlevi wa madawa anayetafuta kitu chake, anaachwa kungoja. Kuna ugonjwa mwingine wa kurithi, wa mapafu, ambao unashika hasa Weupe, na wagonjwa wake kule hawafiki hata nusu ya wagonjwa wa SS. Lakini wataalamu waliohesabu na kutoa hesabu yao mwaka 2020 waliona kwamba feza za serikali za utafiti kwa kila mgonjwa mmoja zilikuwa zaidi ya mara 3 upande wa ugonjwa ule. Na mwezi wa 12 mwaka 2023 serikali yao ilikubali matunzo mapya yanayobadilisha mbegu yenyewe ya damu. Bei ya mojawapo ni dola 2 200 000 kwa mtu mmoja. Tunamshukuru Mungu kwa akili aliyowapa wanadamu. Tunauliza tu: ni nani katika Kasenga, katika Uvira, katika Kindu, atakayeipata?

Sasa turudi kwetu. Kinshasa, munganga Léon Tshilolo na wenzake walipima watoto zaidi ya 31 000 waliozaliwa, na matokeo yao yalitoka mwaka 2009. Kwa kila watoto 1 000, karibu 14 walikuwa SS, na karibu 169 walikuwa AS. Pigeni hesabu ya parokia yenu. Katika kwaya ya watu 40, sita ao saba wanaweza kuwa AS na hawajui. Munganga yuleyule aliandika pamoja na wengine juu ya kazi nyingine, iliyotoka mwaka 2019: watoto 606 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda walipewa dawa ya idroksiure, kidonge cha kumeza, huku waganga wakiangalia damu yao. Maumivu yalipunguka, kuongezewa damu kulipunguka, malaria ilipunguka, vifo vilipunguka. Kabla ya hapo kulikuwako wenye elimu waliosema kwamba dawa ile haifai kwa Afrika, kwamba ni hatari mahali penye malaria na njaa. Watoto wa Kinshasa walikuwa kati ya wale walioonyesha kwamba sivyo.

Tunawasikia wazee wakisema: «Ninyi sasa mmekuwa watu wa hospitali. Sisi ni kanisa la manabii. Watu waliacha hospitali wakaenda Nkamba.»

Ndiyo, waliacha. Mwaka 1921, nabii Simon Kimbangu alipoanza kuweka mikono juu ya wagonjwa, watu waliacha vitanda vya hospitali na kazi za Wazungu wakatembea kwenda kwake. Lakini tuulize waliacha hospitali ya namna gani. Katika mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, na ambao nabii alifungwa humo karibu miaka 30 mpaka alipokufa tarehe 12 mwezi wa 10 mwaka 1951, Mzungu alikuwa na hospitali yake na Mweusi alikuwa na yake. Kati ya mtaa wa Weupe na mitaa ya Weusi waliacha uwanja mtupu, wakisema mbu aliyemuuma Mweusi asiweze kuruka mpaka kitandani kwa Mzungu. Mbu yule ambaye amekwisha kutuandikia S katika damu, tulihesabiwa sisi kuwa ndio chanzo chake! Na siku ya uhuru, mwaka 1960, Kongo ilikuwa na waganga wasaidizi hodari sana, lakini Mkongomani mwenye diploma ya udaktari ya chuo kikuu hakuwako. Watu hawakukimbia dawa. Walikimbia mahali walipoguswa kama wanyama, wakaenda kwa mtu aliyewagusa kama watu. Ndivyo sisi tunavyoelewa. Na Kanisa la Kimbangu lenyewe, lilipopata ruhusa mwaka 1959, lilijenga masomo na dispansari. Udongo na mate vilikuwa mikononi mwa Bwana. Luka aliyeandika Injili alikuwa munganga. Tangu lini tumechagua kati ya mkono na dawa?

Kuna wengine ambao shaka yao ni nyingine, na shaka hii hatuicheki. Wanasema waganga hufanya majaribio juu ya Weusi. Ni kweli walifanya. Katika jimbo la Alabama, kule Tuskegee, tangu mwaka 1932 mpaka 1972, wanaume Weusi 399 wenye kaswende waliangaliwa bila kutibiwa, ili ijulikane ugonjwa unafanya nini mtu akiachwa, hata baada ya penisilini kujulikana kuwa dawa yake. Waliambiwa kwamba wana «damu mbaya». Na jambo linalotuumiza sisi watu wa kanisa ni hili: habari ya kwenda kupimwa ilipita pia katika makanisa yao. Walienda kwa kuwa waliwaamini waliowaita. Rais Clinton aliomba msamaha mwaka 1997, wengi wao wakiwa makaburini.

Kwa hiyo mchungaji anayesema «nendeni mkapimwe» hatoshi kusema nendeni. Lazima aende pamoja nao, aulize ni kipimo gani, kitafanya nini, karatasi itawekwa wapi. Neno la mchungaji ni zito. Linaweza kumpeleka mtu kwa uzima ao kwa Tuskegee, na linaweza pia kumfunga mtu miaka 4 katika nyumba ya maombi.

Kuna hatari nyingine, na hii ndiyo inayotugawanya katika komisyoni yetu mpaka sasa. Karibu na mwaka ule wa 1972, kule Marekani majimbo kadhaa yalitunga sheria za kuwapima Weusi kwa lazima, bila kuwafundisha. Watu wa AS, ambao si wagonjwa, wakahesabiwa kuwa wagonjwa. Wengine walikosa kazi. Chuo cha maofisa wa jeshi la anga kiliwakataa vijana wa AS mpaka mwaka 1981. Yaani kipimo kilicholetwa ili kuponya kikawa sababu mpya ya kubagua.

Basi sisi tufanye nini na wachumba? Wazee watatu wa komisyoni walisema: hakuna ndoa kanisani bila karatasi ya damu, na AS na AS wasifungishwe. Neno lao lina nguvu. Wamezika watoto. Walisema mchungaji anayebariki ndoa hiyo akijua, anabariki pia maumivu ya mtoto ambaye hajaulizwa. Hatukuweza kuwajibu upesi.

Lakini akina mama walisema neno lingine. Mama mmoja, ambaye binti yake wa SS ana miaka 22 na anafundisha masomo ya watoto wadogo siku ya Mungu, alisimama akauliza: «Mnapotunga sheria hiyo, mnamwambia mtoto wangu nini? Kwamba ingekuwa vema asizaliwe?» Chumba kikanyamaza. Binti yenyewe alikuwa nje akipanga viti.

Tunafikiri hivi, na anayepinga atuandikie. Kupima ni lazima katika maana ya mapendo, si katika maana ya polisi. Tuwapime vijana mapema, wakiwa bado katika mafundisho ya ubatizo, si wiki mbili kabla ya arusi wakati mbuzi wamekwisha kutolewa na kadi zimekwisha kugawanywa. Mtu hawezi kuamua kwa uhuru huku jamaa mbili zimekaa nje zikingoja. Karatasi ni ya mwenye damu. Haiwekwi katika ofisi ya parokia, haisomwi mbele ya watu, wala mchungaji hauliziwi na jamaa. Na AS wawili wakija wakisema tunajua, tumeelewa hesabu, tumeomba, na bado tunataka kuoana, kanisa haliwakatalii. Lakini pale pale kanisa linajifunga: likiwabariki, mtoto wao akizaliwa SS, ni mtoto wa parokia. Haitakuwa mama peke yake barabarani usiku akitafuta pikipiki.

Hapa ndipo tunafika mahali pa aibu yetu. Mwaka ule mtoto wetu alipoanza kuvimba mikono, parokia ilinunua bafle mbili kubwa na vikwembe vya siku kuu vyenye sura moja kwa kwaya zote. Hatusemi kwamba sifa ya Mungu ni bure. Tunasema hesabu iko katika daftari, na tuliiangalia: feza za bafle moja zingemlipia mtoto yule penisilini mpaka atimize miaka 5, pamoja na kipimo, chandarua, na usafiri wa kwenda hospitali, na zingebaki. Tunalaumu Leta kwa kuwa dispansari haina kitu, nasi tunayo haki ya kulaumu, maana kazi hii ni ya Leta kwanza. Lakini hakuna aliyetuzuia kununua penisilini.

Kuanzia mwezi huu, sadaka ya Jumatano ya pili itawekwa mbali, katika sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa akina mama na mmoja kwa mweka hazina. Ni ya watoto wa SS wa parokia, pia wa majirani wasiosali nasi. Katika nyumba ya maombi, mtoto mwenye homa ao aliyekuwa mweupe midomo na viganja, ao ambaye tumbo limevimba ghafula upande wa kushoto, ao anayelia kwa mifupa, anaombewa njiani. Mwenye kuomba anapanda pikipiki pamoja na mama. Hata saa sita ya usiku.

Na damu. Mtoto anapohitaji kuongezewa damu, jamaa inaambiwa itafute mtu wa kutoa, na watu wanajificha. Vijana wetu wenye nguvu, ninyi mnaoimba juu ya damu kila siku ya Mungu, jiandikisheni. Damu lazima ipimwe kwanza kwa sababu ya ukimwi na ugonjwa wa maini, na hiyo ni faida hata kwa anayetoa. Hata sasa majina ni 11. Wachungaji ni wawili tu kati ya hao 11, na tungependa kuona wengine.

Juu ya bibi. Tulienda kwake, wanne, pamoja na yule mwenye maono. Alikuwa amepata kona katika nyumba ya binti ya dada yake, mbali sana, ng'ambo ya mto. Tulipiga magoti. Tulimweleza habari ya A na S, na yule mwenye maono akasema kwa kinywa chake kwamba alikosea. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama mtoto alipewa chakula siku ile ya mwisho, kwa kuwa alikuwa akipenda sana bukari na samaki ndogo. Hakusema kwamba ametusamehe. Tumemwomba arudi katika lupango lake. Jamaa imekubali, yeye bado hajajibu.

Nao wale wachumba ambao habari yao ilianzisha mabishano yote haya, wote wawili AS, wote wawili wa kwaya, walipokea karatasi zao majuma matano yaliyopita. Walisoma pamoja, wakaomba wapewe nafasi. Hatuwaulizi. Tarehe ya arusi yao ingali imeandikwa kwa kalamu ya risasi katika daftari ya parokia, na kila Jumamosi jioni wanakaa wawili chini ya mwembe nyuma ya kanisa, wakizungumza mpaka giza linaingia.